Mnara Usio na Mlango

Watu wa Nyayo Highrise walikuwa na ghorofa zao, na sisi wa mabanda ya Gatwekera tulikuwa na mnara. Atakayecheka na acheke. Mji wetu ulikuwa kisiwani, katikati ya ziwa kubwa, na aliyeujenga ni mama yangu mzazi, akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa, akisubiri maji ya ugali yachemke.

Mama alikuwa akiuza nguo za watoto, mitumba, pale Soko la Toi. Alirudi jioni miguu imevimba, akatukuta sisi watoto wake tunasinzia kwa njaa. Mtoto akilala kabla ya chakula, kumwamsha ni vita. Basi akaanza kutusimulia habari za mji huo ili macho yetu yabaki wazi. Sheria ilikuwa moja: unga ukiingia kwenye sufuria, hadithi inakatika hapo hapo, hata kama kuna mtu amening'inia dirishani.

Siku hizi naishi Kawangware katika nyumba ya mawe, na sijui jirani yangu anapika nini wala anaomboleza nini. Kule kwetu haikuwa hivyo. Vyumba vya ploti vilipangana chini ya paa moja la mabati, na kuta za udongo zilizovitenganisha hazikufika juu. Ukipiga chafya, jirani wa chumba cha mwisho anakwambia pole. Kwa hiyo mama alipotusimulia sisi, alikuwa anawasimulia wote. Haikuchukua muda, redio zikawa zinazimwa jioni. Aliyechelewa alipaza sauti juu ya ukuta: "Mama, ebu ngoja kidogo, nimalize kukata hii sukuma wiki!" Na mama, ambaye hakuwa mtu wa kungojea mtu, alingoja.

Katika mji huo wa mama hakuna aliyelipa kodi ya nyumba. Hapo makofi yalipigwa kila mara, hata baada ya kusikia jambo hilo hadi kulichoka. Kila nyumba ilikuwa na bomba ndani na maji hayakukatika. Na katikati ya mji palisimama mnara wa mawe, wa kale kuliko mji wenyewe. Haukuwa na mlango wala dirisha. Baridi ikizidi watu waliuegemea, nao ulikuwa na joto. Aliyeujenga hakujulikana.

Mnara huo ulimkosesha raha jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa mkoa wa Magharibi, sauti nene, na hakuna ubishi pale plotini uliompita.

"Haiwezekani, mama! Mnara hauna mlango, fundi alitokea wapi?"

"Sijui, fundi."

"Basi alimalizia juu, akashuka kwa kamba."

"Hiyo kamba aliifungia wapi?"

Ploti nzima iliangua kicheko. Kesho yake, kwenye foleni ya maji, watu wazima wenye watoto wao waligombana juu ya kamba hiyo mpaka mtungi wa mtu ukafurika. Mimi nilipita katikati yao nimeinua kichwa, kwa sababu kamba ilikuwa ya mama yangu.

Kisha fundi akaanguka. Alikuwa mjengoni, juu ya jukwaa la mbao, ubao ukavunjika. Alirudishwa kutoka hospitali mguu umefungwa plasta, akiwa na mikongojo miwili ambayo hakuigusa. Daktari alikuwa amemwambia aanze kutembea taratibu, la sivyo mguu utakauka. Hakutaka kusikia. Mke wake alimweleza mama wakifua nguo pamoja nje.

"Amegeukia ukuta tu," alisema. "Chai nampa, inapoa. Anataka nimpeleke nyumbani kijijini akangoje kufa, eti fundi asiyepanda jukwaa ni wa nini."

Alilia huku akikamua shuka. Mama alishika upande wa pili wa shuka, wakaikamua wote wawili.

Jioni zilizofuata hadithi iliendelea, lakini upande wa fundi palikuwa kimya. Mama alikuwa akimwita, "Fundi, unasikia?" Hakuna jibu. Yule mtu aliyekuwa akitukatiza kila sentensi, sasa nilitamani hata akohoe. Niliogopa. Nilijua mtu anaweza kufa hivyo hivyo, akiwa na mguu unaopona.

Ndipo jioni moja mama akasema mnara umepata ufa, kutoka chini mpaka juu.

"Wakafanya nini?" niliuliza.

"Walichota udongo, wakaukanda na maji, wakaupaka ule ufa vizuri. Ukakauka. Mnara ukapona."

Mtu wa chumba cha mwisho alicheka. "Mama! Mnara wa mawe kwa matope?"

"Mvua ya kwanza tu, kwisha!" mwingine akadakia.

Kicheko kilipita chini ya mabati kutoka chumba hadi chumba. Mimi uso uliniwaka moto. Wale waliokuwa wakizima redio kwa ajili ya mama yangu, leo wanamcheka! Nilitaka kutoka nje nipigane na ploti nzima, mmoja baada ya mwingine. Mama alitazama maji yake tu.

"Ndiyo, matope," alisema kwa sauti ya juu zaidi. "Tena wakapaka mara ya pili, ukapendeza sana."

"Wacha!"

Sauti ilikuwa nene, na ilitoka upande wa pili wa ukuta.

"Wacha kabisa, mama! Nani amekufunza hivyo? Ufa hauzibwi juu juu! Unachukua tindo, unaufungua, unatoa vumbi lote, unamwagia maji, ndio unajaza simiti. Na kabla ya hiyo unachimba chini uone msingi una shida gani. Matope! Mnataka kuua watu?"

Kitanda kililia. Fundi alikuwa ameinuka, ameketi.

"Yawa, jamani, basi waambie wewe," mama alijibu. "Mimi nauza nguo za watoto." Akatia unga.

Kuanzia hapo fundi ndiye aliyetengeneza mnara, jioni baada ya jioni, na alipotengeneza alikula. Aliwachimbisha watu wa kisiwani msingi mzima. Aliwagombeza. Halafu akafika kwenye kona, jinsi mawe yanavyoshikana, akakwama.

"Hii haisemeki," alisema. "Lazima nichore."

Tulisikia mkongojo ukigonga sakafu. Ukagonga tena. Mlango wa jirani ulifunguka, hatua zikaburutwa nje, na pazia letu likasogea.

Fundi alisimama mlangoni petu, jasho linamtiririka, kipande cha mkaa mkononi. Hakuchora. Alimgeukia mama.

"Mama, nimesikia kabla ya Toi ulikuwa unabeba mawe mjengoni."

"Nilibeba."

"Miaka mingi."

"Mingi sana."

"Na hukujua ufa wa ukuta wa mawe unazibwa vipi?"

Mama aliendelea kusonga ugali. "Kila siku uliniuliza fundi alitokea wapi kwenye mnara usio na mlango," alisema. "Leo niambie wewe. Umetokea wapi?"

Fundi aliangalia mguu wake, akaangalia njia aliyopita.

"Kwa hasira, mama," alisema. "Nimetokea kwa hasira."

Upande wa pili wa ukuta mke wake alipiga kigelegele, na vyumba vyote vikaitikia. Mama alimsogezea kigoda chake mwenyewe, naye mama akabaki amesimama. Ugali uliungua siku hiyo. Tuliula pamoja na fundi, na sijawahi kula ugali mwingine nikajisikia mtoto wa mtu mkubwa namna ile.