Kichupa Namba Saba

Mimi ni fundi wa maabara hapa mjini. Mashine zote za humu nimezifunga mimi, zikiharibika nnazitengeneza mimi, na majaribio mengine nnayafanya kwa mkono wangu. Tunatafiti namna seli za mwili zinavyoiunganisha DNA yao inapokatika. Maana hukatika kila siku, kwako na kwangu, na mwili hujishona wenyewe. Mwili usioweza kushona, kansa huupatia njia. Mama yetu ilimpata kwenye titi, akauficha uvimbe chini ya kanga mpaka ukawa kidonda, tukamzika. Tangu siku hiyo mimi ni mwoga, wala sioni haya kusema.

Mwaka huu tulihitaji damu ya watu wasio na ugonjwa, tuilinganishe na ya wagonjwa. Mtumee, kuwapata! "Hebu niondokee, mumiani wee," jirani yangu mmoja aliniambia mlangoni. Basi nikajitoa mwenyewe, nikamburura na mdogo wangu wa kike, anayeuza vitenge Mlandege. Alikuja kwa kunifurahisha tu, akacheka, akadai juisi ya ukwaju baada ya sindano. Mwenzangu akabandika namba kwenye vichupa badala ya majina, na mkuu wetu akalifungia daftari la majina kabatini. Ndiyo kanuni: anayepima asijue anampima nani.

Jaribio lenyewe si gumu. Unaziumiza seli kwa dawa, unazipa saa kadhaa zijishone, unazipitishia umeme, halafu unazitazama kwa darubini. Iliyojishona huonekana duara. Iliyoshindwa huburura mkia. Nikatazama kichupa cha kwanza, duara. Cha pili, duara. Namba saba, mikia. Mikia kila nilipotazama.

Nikasema nimekosea, dawa nimezidisha. Nikarudia. Mikia. Nikaifungua mashine ya umeme, nikapima waya mmoja mmoja, nikaitukana, nikarudia mara ya tatu. Yarabi, mikia ile ile! Kioo kimoja cha darubini kikaniponyoka, kikavunjika. Watu waliotoa damu tulikuwa kumi, lakini moyoni mwangu tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu.

Siku tatu chakula hakikunishuka. Nikioga nnajipapasa matiti, nikimaliza nnaanza tena. Mwisho nikenda kwa mkuu wetu, bwana mmoja mpole, nikamwambia afungue daftari, nnakufa kwa hofu. Sote tulikuwa tumetia saini kwamba kikionekana kitu tuambiwe, na mdogo wangu aliniandika mimi nimpelekee habari, kwa hivyo hakukataa.

"Si wewe," akasema.

"Alhamdulillahi!" Ilinitoka kwa sauti, kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilipoinua uso nikamwona hanitazami.

"Ni mdogo wako."

Akanieleza kwamba hii si kansa, ni alama tu, apelekwe hospitali akapimwe vizuri. Nnayajua hayo yote, nimewaeleza watu wangapi. Nikavua koti la maabara, nikatoka.

Nikamkuta dukani anakunja vitenge. Binti yake wa miaka tisa ametoka skuli, kakaa juu ya robota la vitenge anasoma. Nikamvuta mama yake pembeni, nikamweleza kila kitu mbio mbio, maneno yanagongana. Nilidhani atalia, au atanifukuza kwa kumletea balaa asilolitafuta. Hata. Aliuliza tu kama kitu hiki mtu huzaliwa nacho.

"Aghalabu ndiyo."

"Kwa hivyo mtu humrithisha mwanawe?"

Nilitaka kumdanganya, wallahi nilitaka. "Huweza," nikasema.

Akaweka kitenge chini. Akamwita binti yake, akampandisha mkono wa nguo mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yangu. "Mimi nshajulikana, dada," akasema. "Mpime huyu."

Mtoto akanitazama. "Mama mkubwa, inauma?"

"Haiumi," nikamwambia, nikaupokea mkono wake.