Mkono wa Chuma na Kibuyu cha Bibi

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa heshima zote natangaza: leo asubuhi, hapa Mbuba, chuma kimeshika kibuyu.

Mnaukumbuka ule mkono wa roboti niliouunda kwa mota ya waipa ya gari? Ulikuwa unaangusha kila kitu. Jana nikavivalisha vidole vyake vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukashika chupa. Ukashika hata yai.

Bibi yangu hakushtuka. "Yai hata kuku analishika. Shika hiki."

Akaleta kibuyu cha maziwa alichokuja nacho alipoolewa. Na kwa kuwa kinakwenda kuonekana na watu, alikuwa amekipaka siagi king'ae.

Tatizo mmeshaliona. Mimi sikuliona.

Mkono ukakiinua. Kibuyu kikaanza kuteleza taratibu, kama muumini anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Nikapiga magoti chini yake, viganja wazi.

"Bibi, kinakuja!"

"Kikivunjika, na wewe utafute bibi mwingine."

Nikakidaka. Bibi akachota majivu jikoni, akakisugua kibuyu kiunoni.

"Kambare huwa mnamshikaje, mjukuu wangu? Kwa waipa?"

Tukarudia. Kikapanda. Kikatulia tuli.

Ndipo umeme ukakatika.

Nikafumba macho nikisubiri mlio. Kimya. Kufumbua, kibuyu bado kiko hewani, vidole vimekibana vilevile: kumbe gia ya waipa hairudi nyuma bila umeme.

Semeni wenyewe: mvumbuzi ni mimi au bibi?

Kibuyu ni kizima. Tumekitoa kwa kufungua vidole kwa spana namba kumi.