Matroni, Gari Jekundu na Msumari Wangu

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Kibomet, kule Kitale, niliaibika kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini kasoro, niliyekwisha kupaka rangi kuta za shule na makanisa kuanzia Endebess hadi Bungoma. Fundi Mkuu alinionyesha pikapu moja akaniambia niipake rangi. Nikamwomba brashi ya inchi nne na ngazi. Wee! Gereji nzima iliangua kicheko, na mpaka nahama pale walikuwa bado wananiita Ngazi.

Fundi Mkuu peke yake hakucheka. Alikuwa mzee mkimya, wa familia iliyotoka Mkoa wa Kati zamani kuja kulima mahindi Trans-Nzoia. Alinipa bunduki, yaani kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, kisha akaninyang'anya papo hapo.

"Hiyo utaishika baada ya miezi sita," alisema. "Rangi ni kazi ya mwisho, Wafula. Kwanza chuma, halafu puti, halafu msasa, halafu praima. Wewe umekuja ukiangalia rangi kama mnunuzi."

Vijana wa siku hizi mnanunua puti ya kopo bila hata kujua ni nini. Ni lile tope la kujazia palipobonyea; likikauka, unalisugua kwa msasa mpaka mkono hauhisi kitu. Praima ndiyo inayoshika chuma ili rangi isibambuke. Hayo nilijifunza kwa kupigwa makofi ya mgongo. Lakini jambo kubwa nililojifunza kwa yule mzee lilikuwa la msumari. Kila mara kabla hajapaka puti, alikwaruza kwa msumari kwenye chuma kitupu jina lake na ugonjwa wa gari.

"Mgonjwa bila kadi ni hatari," aliniambia. "Fundi atakayechubua hii rangi baada yetu lazima ajue anakuta nini."

Siku moja nilichubua mlango wa lori nikakuta maandishi yake ya zamani: "Iligongwa na ng'ombe. Ng'ombe alipona." Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Kutoka Kitale nilikwenda Endebess, karakana ya shamba kubwa, chini ya Meneja aliyejua rangi moja tu, kijani. Nilipaka kijani trekta, matela, matangi na hatimaye banda la kuku. Nilipoona ameanza kuitazama baiskeli yangu, nikaomba kuondoka.

Ndipo nikafika Bungoma, kwa Mkurugenzi. Namwita Mkurugenzi kwa sababu hivyo ndivyo alivyoniamuru niandike kwenye mlango wa ofisi yake, na ofisi yenyewe ilikuwa kontena. Alikuwa na gereji, na mbele ya gereji akawa anauza magari yaliyotumika. Mdomo wake ulikuwa mtamu ajabu. Angeweza kukuuzia mvua na wewe umeloa.

Mwaka mmoja alileta vipande viwili vya gari la spoti, lile la milango miwili linalokaa chini kiasi kwamba kutoka ni lazima usaidiwe. Mbele lilikuwa la kijani, nyuma la rangi ya fedha. Yalikuwa magari mawili yaliyopata ajali mbili, na mchomeleaji wetu akayaunga katikati, chini ya milango na juu kwenye paa. Nikaambiwa nipulizie nyekundu.

"Bosi, hii gari ikikimbia itaachana njiani," nilimwambia.

"Wewe ni wa rangi, ongea rangi," alinijibu. "Watu wa hapa wakiona nyekundu hawaulizi kitu kingine, bana."

Kusema kweli niliogopa. Nyumbani nilikuwa na kitindamimba kidato cha pili, na umri wangu haukuwa wa kuzunguka nikiomba kazi. Nikapuliza. Lakini kabla ya puti nilichukua msumari, nikakwaruza pale kwenye kiungo, chini ya mlango wa dereva. Kisha nikaling'arisha lile gari mpaka unaweza kujinyolea ndevu ndani yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wiki ya pili akaja Matroni.

Matroni alikuwa amestaafu uuguzi katika hospitali ya misheni kule Lugulu. Ndiye aliyemzalisha mke wangu watoto wawili, na nusu ya Bungoma ilikuwa imewahi kudungwa sindano naye. Alilizunguka gari mara tatu, mkoba mkononi.

"Nataka kuenda mbio, Fundi," aliniambia. "Miaka thelathini nimetembea polepole nisiamshe wagonjwa. Sasa nataka kuenda mbio mpaka Kitale na kurudi."

Akilini nikaliona lile gari kwenye mteremko, mbele likienda Kitale na nyuma likirudi Bungoma, na Matroni katikati. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Asubuhi ile alikuwa ameniambia, "Ukifungua mdomo, leo ni siku yako ya mwisho."

Matroni akaendelea, "Tatizo ni rangi. Akina mama wa kanisa wanasema nyekundu si ya mjane. Nyeusi, wanasema ni ya kubeba maiti. Nyeupe nimepanda kwa ambulensi, nimechoka. Mimi napenda rangi ya maziwa. Haya, Fundi, sema ukweli. Mtu akinunua gari ya spoti iliyotumika, rangi ni kitu?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimewajibu watu kwamba rangi ni nguo tu, usinunue mtu kwa shati. Lakini siku hiyo Mungu alinipa akili.

"Matroni," nikasema kwa sauti, "kwa mtu wa heshima yako, rangi ni kila kitu. Shida ni kwamba nyekundu hutokwa na damu. Ukipulizia rangi ya maziwa juu yake, nyekundu itapanda polepole, na kabla ya Krismasi utakuwa unaendesha gari ya pinki."

"Pinki! Mimi?"

Na hapo sikudanganya. Nyekundu nyingi za wakati ule zilikuwa na tabia hiyo, na kila fundi aliijua. Hata Mkurugenzi aliijua, ndiyo maana alikosa pa kunikatiza.

"Tutaweka praima nzito, Mama, usijali," alisema.

"Kijana," Matroni alimwambia, "kidonda hakifungwi kabla ya kusafishwa. Ichubuliwe mpaka chuma, mimi nikiwa hapa. La sivyo siichukui."

Akaomba kiti, akatoa sindano zake za kufuma, akakaa. Mkurugenzi aliniashiria kwa jicho nianze na boneti. Nilijifanya sioni. Nikapaka dawa ya kuchubua chini ya mlango wa dereva, nikangoja, nikasukuma kisu. Puti ikatoka vipande vipande kama ugali wa jana, unene wa vidole viwili. Matroni akaacha kufuma. Akavaa miwani, akainama, akasoma kwa ile sauti iliyokuwa ikisikika wodi nzima:

"'Hapa pameungwa. Mbele si ndugu wa nyuma. Usikimbie nayo. Wafula.'"

"Wafula," Mkurugenzi akauliza, "wewe ni fundi ama ni shahidi?"

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, Jumanne saa tano asubuhi, bila keki wala hotuba. Nilifurahi, na pia niliumia, sitawaficha. Siku ile nilikwenda nyumbani kwa miguu nikijiuliza kitindamimba atasoma na nini. Lile gari liliishia kuuzwa vipuri, maana kabla ya jua kutua akina mama wa kanisa walikuwa wamelitangaza mpaka Webuye. Nami kabla ya mwezi kwisha nilikuwa na wateja nyumbani kwangu, wote wakitaka fundi wa msumari, na kijana akamaliza shule.

Kwa hiyo mkiniuliza kama rangi ni kitu, jibu langu ni hili: iulize iko juu ya nini. Gonga kwa kidole. Chuma hulia, puti hunyamaza.

Matroni tulimpatia gari jingine la spoti, kule Kitale. Boneti imechomwa na jua, mlango mmoja umepauka, lakini kila inchi bado ina rangi yake ya kiwandani. Huwa ananipita pale barabarani kama mshale, kitambaa cha kanisa kichwani, akipiga honi. Mara tatu nimemwomba nimpulizie ile rangi ya maziwa, tena bure, kama shukrani.

"Fundi," hunijibu, "nakupenda katika Bwana. Lakini hiyo bunduki yako, weka mbali na gari yangu."