Nguo Niliyoianika Juu ya Banda la Kuku

Mjukuu wangu wa kwanza nimemlea mimi. Mama yake alikwenda Mtwara kutafuta maisha akaniachia katoto hata jino hakajaota, nikakalea hapa Nachingwea kwa uji wa mtama na mgongo huu huu. Leo ni mwanamke mrefu, kaolewa Ruangwa, ana cherehani yake mwenyewe. Nikipita naye sokoni natembea polepole makusudi, watu wamwone.

Kwa hiyo aliposhika mimba sikuwa na swali kuhusu nguo. Kwetu mtoto akitimiza siku arobaini ndipo anatolewa nje, kafungwa mgongoni kwa nguo mpya, na nguo hiyo huileta bibi. Bibi ni nani kama si mimi?

Lakini mjukuu wangu ana bibi mwingine, aliyemzaa baba yake. Anakaa Mbekenyera. Mkwe mwenzangu huyo kasoma mpaka la saba, mimi niliishia la pili. Ana sauti ya chini, hata akikutukana utadhani anakuombea dua. Wakati huo mimi nilikuwa nimejiandikisha kujifunza batiki kwenye karakana ya kina mama karibu na soko. Mjukuu akampigia na yeye simu aje ajifunze. Kisha akatuambia wote wawili, huku anacheka, "Bibi zangu, itakayopendeza zaidi ndiyo nitakayombebea mtoto."

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikuuchukulia kama utani.

Mkwe akaja na begi lake, akafikia kwangu. Mkwe ni mtu wa heshima, huwezi kumwambia akalale kwingine. Nikampa kitanda changu, nikalala kwenye mkeka, nikamchinjia na jogoo. Asubuhi tunaongozana kwenda karakanani kama mtu na dada yake.

Mwalimu alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Alitufundisha kuyeyusha nta kwenye sufuria juu ya mkaa na kuchora kwa brashi kwenye kitambaa cheupe. Palipo na nta rangi haiingii. Nta ikikauka unakikunja kitambaa mpaka ivunjike, ndipo unakitumbukiza kwenye rangi, nayo inapenya kwenye zile nyufa na kuacha mishipa myembamba kila mahali. Mwisho unachemsha, nta inatoka. Alisema mishipa ile ndiyo batiki yenyewe.

Mkwe aliandika kila kijiko cha rangi kwenye daftari. Mimi nilipima kwa jicho, kama chumvi. Siku ya nne kitambaa chake kilitoka bluu ya kukufanya useme mashallah, changu kikatoka kama maji ya kuoshea masufuria. Mwalimu akakiinua cha mkwe juu ili darasa zima likione. Wote walitazama kitambaa. Mimi nilitazama mlango.

Nta ya karakana ilikuwa ya mishumaa, imetiwa nta ya nyuki kidogo tu. Nikasema moyoni, hawa wa dukani wanajua nini kuhusu nta? Kaka yangu anarina asali Nambilanje. Nikamwagiza nta ya nyuki tupu, likaja bonge la njano linalonukia, nikachorea nayo nguo ya mtoto, maua ya ufuta kuanzia pindo hadi pindo. Karakana nzima walikuja kunusa. Nilijisikia, sitaficha.

Kumbe nta ya nyuki ikiwa peke yake haivunjiki. Nilikunja, nikafinya, nikaikanyaga na miguu, inajipinda tu kama ngozi ya mbuzi. Nguo ikatoka na maua meupe safi, lakini mshipa hata mmoja hakuna. Mwalimu akanihurumia, akasema inapendeza, kama ya dukani. Ile huruma yake ndiyo iliyoniua. Njiani kurudi nyumbani mkwe akaniambia kwa sauti yake ile, "Ungeniuliza, mkwe. Mimi niliandika."

Kesho yake nguo ya mtoto ya mkwe ilikuwa imeshapakwa nta, bado kutiwa rangi. Alikuwa amechora matawi ya mkorosho, jani kwa jani. Aliitandaza kwangu chini ya upenu, kivulini, akaenda dukani kununua sabuni. Ilikuwa saa saba mchana. Nikaichukua, nikaianika juu ya banda la kuku, kwenye mabati. Kisha nikakaa kibarazani nikaambua mbaazi. Nilipoinua macho, matawi yalikuwa yameshayeyuka na kuingiliana.

Mkwe akarudi, akasimama mbele ya banda.

"Kumbe kwenu Nachingwea nguo zinapanda banda zenyewe."

Nikamwambia ni upepo.

"Upepo," akasema. Akakaa, akavuta ungo, tukaambua mbaazi wote. Baadaye aliitia rangi hivyo hivyo, ikatoka mabaka matupu kama ukuta wa nyumba inayovuja. Akaikunja, akaizika chini kabisa ya begi, na mafunzo yalipoisha akarudi kwao.

Siku ya arobaini tukakutana Ruangwa kwa mjukuu. Mimi na nguo yangu, yeye mikono mitupu. Mjukuu akamuuliza yake iko wapi. Akajibu imeharibiwa na jua, wala hakunitazama. Wanawake waliokuwa wakipika pilau wakampa pole, wakamwekea kiti cha peke yake. Nikamwonea wivu hata kile kiti.

Mjukuu akaniita chumbani.

"Bibi, ile nguo ya bibi aliianika nani juani?"

Ningeweza kuutaja tena upepo. Lakini huyu nimemfundisha mwenyewe kumjua mwongo kwa macho.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni wangu."

Hakunikaripia. Aliikunjua nguo yangu, akapitisha mkono kwenye maua, akasema ni nzuri, na alimaanisha. Kisha akambeba mtoto, akatoka na nguo ile hadi pale mkwe alipokaa, akampa vyote viwili. "Bibi, mtoe wewe."

Basi kitukuu changu kikatolewa nje kwa nguo yangu, mgongoni kwa mkwe wangu. Vigelegele vikapigwa. Nikawafuata nyuma nikitazama maua yangu yanavyokwenda na hatua zake. Alipofika uani nikaona amefunga ovyo, fundo linateleza.

"Mkwe, fundo limelegea."

Akanigeukia, akainua mikono. Nikalifungua pale kifuani kwake, nikalifunga upya, nikalikaza kwa nguvu zangu zote.

"Mkwe, umenibana," akasema.

Nikamwambia avumilie, mtoto asije akaanguka.