Shimo la Makumbi Alilolisafisha Mwanafatuma

Saa mbili asubuhi maji yamekupwa, na Bi Mwanafatuma Shehe yumo topeni hadi magotini, kando ya mikoko ya Bodo. Anachomoa kumbi moja la nazi, analibinya, analinusa. Harufu inamrudisha mwandishi nyuma hatua mbili.

"Unakimbia nini, mwanangu? Hii ndiyo kazi," anasema akicheka kidogo. "Lisiponuka, ujue limekataa."

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja amesokota kamba tangu utotoni. Makumbi hufukiwa topeni miezi sita yalainike, kisha hupondwa kwa gongo mpaka zitoke nyuzi za usumba. Mzigo mmoja wa kamba huuzwa shilingi mbili. Shimo hili aliachiwa na mamake, Bi Mwanamkuu, ambaye Mwanafatuma hawezi kumtaja bila kujifuta macho.

Desemba ya mwaka juzi, 1963, kijiji kikijiandaa kwa sherehe za Uhuru, Mwanafatuma aliona haya wageni wapokelewe na uvundo. Akachota tope lote jeusi, debe baada ya debe, akalimwaga mkondoni. Akatia mchanga mweupe, akafukia makumbi mia nne.

"Nilijiona hodari, wallahi! Mama alikuwa haoni tena, lakini alijua harufu imepotea. Akaniuliza, 'Fatu, umefanya nini?' Nikamwambia, nimesafisha."

Bi Mwanamkuu alikuwa na ombi moja tu. Kitanda chake kilikuwa kimelegea mpaka mgongo ukagusa sakafu, naye alitaka kiwambwe upya kwa kamba ya shimo lake. Mwanafatuma akamwambia asubiri Julai. Julai akafukua, makumbi yakatoka magumu vile vile.

Mwalimu Chande wa shule ya jirani alimweleza sababu. Tope kuukuu lina bakteria wasioonekana kwa macho, nao hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha ule ulimbo unaoshikanisha nyuzi za kumbi. Masikini, alikuwa amewamwaga wafanyakazi wake wote.

Jirani yake, Bi Esha Boga, alimletea kamba alizosokota mwenyewe, za kuwambia kile kitanda. Mwanafatuma akamrudisha nazo.

"Fundi wa kamba nipewe kamba? Kiburi tu, hakuna jingine. Wiki ya pili mama akafa, mgongo wake uko chini."

Matanga yalipokwisha, alikwenda mwenyewe kwa Esha, akapiga hodi, akaomba tope. Esha hakumsimanga. Alimjazia madebe sita, wakafukia makumbi upya pamoja.

Leo, miezi sita baadaye, kumbi lililo mkononi mwake linaachia, nyuzi zinachambuka bila kuvutwa sana. Wiki ijayo ataanza kuponda. Kamba ya kwanza ni ya kitanda cha mamake, ambacho tangu msiba kimeegemezwa ukutani, miti mitupu.

Nani atakilalia?

"Mimi nalala mkekani," anasema, akilirudisha kumbi topeni. "Kile nitakiwamba, nikikaze vizuri, kisha nimwite Esha aje akikalie. Mama mimi nilimwambia asubiri."