Kanuni ya Jani la Isale

Mchezo ule niliutunga mwenyewe, mwaka ambao sukari ilikuwa ya kupanga foleni duka la ushirika na mvua za masika zilikuwa hazikatiki. Kila mchezaji alijifanya mtu wa kubuni, akasema mtu wake anataka kufanya nini, kisha akarusha punje za kahawa mezani. Nyingi zikilala ubapa juu, amefaulu. Kanuni zote zilikuwa zangu, na ole wake aliyebisha.

Binti wa baba mdogo alibisha. Shujaa wake alikuwa ameuza siri za kijiji kwa maadui, na sasa alitaka kurudi nyumbani.

"Arushe punje," nikasema. "Zikikubali, kasamehewa."

"Msamaha si bahati nasibu! Apeleke isale."

Kwetu Old Moshi, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye akishalipokea hawezi kukataa kukusikiliza. Lakini mimea hiyo ya masale ndiyo tunayopanda mipakani pia, na hapo ndipo nilipochemka kwa hasira. Baba yake, mdogo wake baba yangu, aling'oa masale ya mpaka akayapanda ndani ya kihamba chetu, shamba letu la urithi, migomba ya bibi ikawa yake. Tangu hapo ndugu hao hawakusemezana, na mimi niliacha hata kumwamkia baba mdogo, ingawa binti yake aliendelea kuja kucheza kwetu.

"Loo! Yaani mtu auze kijiji, halafu achume jani tu uani, yaishe?" nikafoka. "Ng'o! Aje mwenyewe, aseme alichokosa mbele ya aliyemkosea, bila visingizio. Na arudishe alichochukua."

Nilidhani atalia. Akauliza, "Na jani lipelekwe na nani?"

"Na mtu mwingine. Yeye asubiri nje mpaka aitwe."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha mawe!"

Baba alikuwa kitini karibu na mlango, akijifanya anasikiliza redio. Binti akainuka, akatoa jani la isale ndani ya kanga yake, akapiga goti mbele ya baba na kulinyoosha kwa mikono miwili.

Baba akazima redio. Alilitazama lile jani, mkono hakuunyoosha. Nilimchukia baba mdogo, lakini niliogopa zaidi: baba akilikataa, undugu umekwisha, na mwenzangu huyu hatakanyaga tena kwetu.

Hatimaye akalipokea, akanigeukia.

"Wewe mtunga kanuni. Baada ya jani kinafuata nini?"

Hasira ilikuwa bado haijaniisha. Nilitamani kusema arushe punje.

"Anaitwa," nikasema.

"Basi kamwite."

Nikatoka. Baba mdogo alikuwa amesimama chini ya mgomba, koti limemganda mwilini kwa mvua. Mikononi alikuwa amekumbatia masale ya mpaka, yameng'olewa na mizizi yake, udongo unamchuruzika hadi viwikoni.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema. "Unaitwa ndani."