Mikono Iliyombeba Mrina Asali

Enzi za Mwingereza nilikuwa askari polisi Tabora, na kwa majuma matatu nilikataa kumshika mtoto wangu wa kwanza. Nasema nilikataa kwa sababu sasa nimezeeka na sina wa kumdanganya. Wakati ule nilikuwa na visingizio tele: nimetoka zamu na vumbi, bega limeteguka gwarideni, mtoto amelala tusimwamshe. Mtoto mwenyewe alikuwa macho, ananitazama.

Sababu ilikuwa maiti. Siku nne kabla mtoto hajazaliwa, mimi na mwenzangu tulitumwa kwa baiskeli hadi porini Sikonge. Mrina asali alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti, akakaa huko siku tatu kabla nduguze hawajampata. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha hakuna mkono wa mtu, kuandika maelezo, kisha kumfikisha barabarani kwenye lori. Tulikata miti miwili, tukafunga blanketi, ikawa machela. Mwenzangu alishika upande wa miguu, mimi kichwani. Mzinga ulikuwa umempasukia kifuani, na asali iliyobaki ilikuwa imemganda hadi kwenye nywele. Tulipomwinua ikaninata viganjani. Zaidi ya hapo sitaeleza. Aliyewahi kumbeba mtu wa siku tatu kwenye jua anajua, na asiyewahi namwombea asijue kamwe.

Nilinawa kwa mchanga kule kule, nikanawa kwa sabuni kituoni, nikanawa tena kwa majivu nyumbani. Bado mikono ilinata.

Kituoni hatukuwa na namna ya kuyazungumza mambo hayo. Kulikuwa na askari mmoja ambaye kila akitoka kwenye ajali alikwenda kwenye pombe mtaa wa Kanyenye, na tulikuwa tunamfuata kumbeba. Mwingine aling'arisha vifungo vya sare mpaka ukamwonea huruma, yeye na vifungo. Sajini wetu naye alikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa, kuanzia tumbo la kuhara hadi huzuni: gwaride juani. Nilipiga hilo gwaride. Nilirudi na huzuni ile ile, na malengelenge juu yake.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima wa afya. Mama mkwe akaja kutoka Puge kumwangalia mwanawe. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatukutazamana usoni wala kusemezana, kwa hiyo maneno ya kunisema aliyapeleka kwa sufuria.

"Wewe sufuria," alisema, huku akisonga ugali, "umewahi kuona baba anayemkimbia mwanawe? Afadhali wewe, mafiga yanakupakata."

Sufuria ilinyamaza, nami nikatoka nje. Mke wangu hakuhitaji sufuria. Jumatano moja alinikabili waziwazi.

"Mume wangu, kama unadhani mtoto si wako, sema."

Nilishtuka. Wazo hilo halikuwahi kunipita kichwani.

"Ni wangu."

"Basi mshike."

Nikachukua kofia, nikaenda kazini. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimebatizwa, nimesoma shule ya misheni, najua kujaza fomu za serikali kwa wino bila kudondosha tone. Na bado niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kifo kimebaki mikononi mwangu na nikimgusa mtoto kitahamia kwake. Nilimpenda mno. Niliporudi jioni mke wangu aliniambia mama yake anaondoka Jumamosi, na kwamba yeye na mtoto wanaondoka naye.

Sasa huyo mwenzangu wa safari ya Sikonge alikuwa Mzaramo. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana: atakucheka msibani, atakamata kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Tangu nifike kituo kile haikupita asubuhi bila yeye kunitukana ukoo mzima, nami namrudishia wake. Lakini tangu Sikonge hakuwa amenitania hata mara moja. Tulitembea doria kimya, kama watu waliogombana. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani maiti ile ilikuwa yangu peke yangu.

Ijumaa alasiri akaja nyumbani. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatazama mizigo iliyofungwa uani.

"Nani anasafiri, mama?"

"Mjukuu wangu. Hapa hana baba."

Mtani alivua kofia. Akanawa mikono taratibu, akamchukua mtoto kutoka kwa mke wangu, akageuka kuelekea barabarani.

"Mwizi!" mke wangu alisema, hajui acheke au alie.

"Kitu kisicho na mwenyewe hakiibwi, shemeji, kinaokotwa. Nampeleka kwetu akale nazi, asahau ugali wenu wa mtama."

"Mrudishe," nilisema.

"Nimrudishe kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake amechoka. Njoo wewe." Alinikazia macho. "Mnyamwezi gani wewe? Babu yako alibeba pembe ya ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, na wewe mtoto wa ratili nane anakushinda?"

"Unajua kwa nini." Nilirudi hatua moja nyuma. "Ulikuwepo."

Utani ukamtoka usoni.

"Nilikuwepo," alisema. "Wewe ulishika kichwa, mimi nilishika miguu. Mikono ndiyo hii hii." Akamwinua mtoto kidogo, nimwone. "Haya, mtazame mwanao. Amekufa?"

Mtoto alipiga mwayo. Mke wangu aliacha kufunga fundo la mzigo wa mwisho, na nadhani ndipo alipoelewa yote. Mama mkwe akasahau sufuria, akasahau desturi, akaniangalia moja kwa moja.

"Mpokee, mwanangu," alisema.

Nikanyoosha mikono. Mtoto alikuwa wa moto na mzito kuliko nilivyofikiri, na shingo yake ililegea kwenye kiganja changu. Nililia mbele ya mkwe wangu, aibu ambayo ningelipishwa mbuzi kama angetaka. Mke wangu alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega.

Baadaye, nikimsindikiza mtani hadi barabarani, nilimwuliza alijuaje kwamba mtoto hatadhurika.

"Sikujua," alisema.

Alinionyesha mikono. Akaipangusa kwenye sare, kama bado inanata. Ndipo akaniambia kwamba mkewe huko kwao alijifungua binti mwezi ule ule, na kwamba likizo amepewa mara mbili, na mara mbili ameikataa.

Jumatatu mtani alichukua likizo, nikamsindikiza stesheni kupanda treni ya pwani. Mtoto nilimpakata mwenyewe.